Hewa Safi Yenye Harufu ya Fotokopi

Christian Friedrich Schönbein alikuwa profesa wa kemia mjini Basel, Uswisi, na nyumbani kwake alikuwa amepigwa marufuku kufanya majaribio jikoni. Marufuku ilitoka kwa mkewe, kwa hiyo haikuwa na rufaa. Siku moja mwaka 1845, inasimuliwa, mama mwenye nyumba akiwa ametoka, profesa alimwaga jikoni mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya sulfuriki. Akafanya wanavyofanya wanaume wengi wakimwaga kitu: akashika kitambaa cha kwanza kilichomjia mkononi, akapangusa. Kitambaa chenyewe kilikuwa aproni ya pamba ya mkewe. Akaitundika juu ya jiko la moto ikauke upesi kabla mwenyewe hajarudi. Aproni ikakauka, ikawaka ghafla, ikatoweka, bila hata kipande cha kusingizia panya.

Huenda wasimulizi wamekitia chumvi kisa hicho, ila matokeo yake hayana utani. Mwaka 1846 Schönbein aliitangaza pamba ya baruti, na Julai 1847 kiwanda kilichokuwa kikiitengeneza huko Faversham, Uingereza, kililipuka na kuua watu. Lakini makala haya yanamtafuta kwa sababu nyingine. Miaka michache kabla ya msiba wa aproni, akipitisha umeme kwenye maji maabara, alinusa harufu kali inayofanana na ile inayobaki hewani baada ya radi. Mwaka 1840 akaitangazia dunia kwamba harufu ile ni ya dutu ya pekee, akaipa jina la ozoni. Basi baba wa gesi ambayo leo inauzwa ndani ya maboksi ya kusafishia nyumba ndiye huyohuyo ambaye alipojaribu kupangusa jikoni mara moja, alichoma nguo.

Hakuwa peke yake. Historia ya vifaa vya usafi imejaa watu waliovamia vumbi kwa akili nyingi na kutoka wakikohoa.

Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alikwenda katika ukumbi wa Empire jijini London kutazama mashine mpya ya kusafishia. Mashine ile ilipuliza hewa kwa nguvu, kwa matumaini kwamba vumbi litaruka na kutua lenyewe ndani ya kisanduku. Vumbi halikuwa na mpango huo. Booth akamuuliza mwenye mashine kwa nini asivute badala ya kupuliza, akajibiwa kwa hasira kwamba hilo haliwezekani. Siku chache baadaye, akiwa mgahawani, alitandaza leso juu ya kiti cha kitambaa, akaweka mdomo, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote. Nusura apaliwe. Mtu amwonee huruma mhudumu aliyekuwa zamu siku ile. Ila leso ilipogeuzwa ilikuwa imenasa uchafu, na mwaka huohuo Booth akachukua hataza ya mashine ya kufyonza vumbi.

Mashine yenyewe ilikuwa kubwa kama gari la mizigo, ikikokotwa na farasi. Iliegeshwa barabarani, mipira mirefu ikaingizwa ndani kupitia madirishani, na mngurumo wake ukawatia wazimu farasi wa wapita njia hadi wenye farasi wakakimbilia mahakamani. Matajiri walialika marafiki waje kunywa chai huku wakitazama vumbi la sebuleni likipita ndani ya mpira. Mwaka 1902 Booth akaitwa kusafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Ni mafanikio makubwa, hakuna ubishi, lakini bado mwenye nyumba aliyetaka kufyonza makombo chini ya meza alihitaji farasi, mafundi na majirani wenye moyo mpana.

Marekani walikuwa wametangulia kwa njia ya taabu zaidi. Mwaka 1869 Ives McGaffey wa Chicago alipata hataza ya mashine iliyoitwa Whirlwind, yaani kimbunga. Aliyeitumia alizungusha mpini kwa mkono mmoja na kusukuma mashine kwa mkono wa pili. Mkono wa tatu, wa kujifutia jasho, haukuwemo kwenye hataza.

Aliyefaulu kuleta mashine ya umeme ambayo mtu mmoja aliweza kuisukuma alikuwa mfagizi. James Murray Spangler alisafisha duka kubwa mjini Canton, Ohio, usiku baada ya wateja kuondoka. Alikuwa karibu miaka 60, ana pumu, na kila alipopitisha brashi ya mazulia vumbi lilimrudia kifuani. Akachukua mota ya feni, akaifunga kwenye kisanduku, akaweka mpini wa fagio na nyuma yake akafunga foronya ya mto ili vumbi liingie humo. Mtu yeyote aliyewahi kuazima foronya ya nyumbani kwa kazi isiyo ya kulalia anaweza kukisia maelezo aliyotakiwa kutoa. Hataza yake ilitoka tarehe 2 Juni 1908. Akakosa mtaji, akamwonyesha mashine Susan Hoover, ambaye mumewe, William, alikuwa akiuza bidhaa za ngozi na lijamu za farasi wakati magari yakianza kumnyang'anya wateja. Hoover akainunua hataza. Leo jina la Hoover linajulikana dunia nzima, na la Spangler linajulikana kwa wachache wanaosoma makala kama haya.

Hapo mwandishi ana upande wake, na haoni haya kuusema. Vifaa vya usafi vilivyodumu ni vile ambavyo mbuni wake aliuona mgongo wa anayefanya kazi. Thomas Stewart, Mmarekani Mweusi wa Kalamazoo, Michigan, mwaka 1893 alipata hataza ya dekio lenye kibano na wenzo, ili aliyelishika aweze kulikamua bila kuchovya mikono kwenye maji machafu. Miaka minne baadaye Lloyd Ray, Mmarekani Mweusi mwenzake, akapata hataza ya kizoleo cha bati chenye mpini, cha kuzolea taka bila kuzishika. Huko Hispania, mhandisi wa masuala ya ndege Manuel Jalón alikuwa ameona Marekani jinsi wanaume walivyodeki karakana za ndege wakiwa wamesimama wima. Kwao Hispania wanawake walikuwa wakisugua sakafu kwa tambara, wamepiga magoti. Mwaka 1956 akaanza kutengeneza mjini Zaragoza ndoo yenye mahali pa kukamulia na dekio la kamba lenye mpini mrefu. Mtu aliyesomea injini za ndege akaenda kuokoa magoti ya wanawake. Ni matumizi mazuri ya elimu.

Shida huanza kifaa kinapobuniwa kwa ajili ya kumshangaza mnunuzi.

Iko nyumba moja Ngamiani, Tanga, ambayo mwandishi anaijua vizuri kwa sababu humo anaishi shangazi yake, mwanamke mwenye fagio mbili za chelewa, ya ndani na ya uani, ambazo haziruhusiwi kukutana. Idd moja binamu alirudi kutoka Dubai na maboksi. Katika boksi la kwanza kulikuwa na ndoo yenye pedali na kikapu cha plastiki kinachozunguka.

"Mama, hii unakanyaga tu, dekio linajikamua lenyewe."

"Na mimi nitakuwa nafanya nini?"

"Unapumzika, mama."

Binamu akakanyaga kwa nguvu za mtu aliyelipia mzigo wa ziada uwanja wa ndege. Kikapu kikazunguka kama pia, kamba za dekio zikafumuka, maji meusi yakapiga ukuta, kalenda na sahani ya vitumbua iliyokuwa kwenye stuli. Shangazi akajifuta tone moja shavuni kwa ncha ya khanga, akatazama ukuta, akatazama chini. "Umedeki ukuta, mwanangu," akasema. "Sakafu bado inasubiri." Kwa haki ya ndoo, ikikanyagwa polepole inafanya kazi vizuri, na dekio lake hutoka likiwa na unyevu mdogo tu. Lakini nyumba ile ilikwisha kuamua.

Boksi la pili ndilo lililokuwa na mtambo wa ozoni: kidude cheupe, taa ya bluu mbele, tundu la feni nyuma, na picha ya mlima wenye theluji. Kililetwa kwa ajili ya ng'onda. Shangazi hukausha samaki wake mwenyewe, na anayeingia sebuleni kwake hahitaji kuuliza kutakuwa na nini mchana. Binamu akakiweka juu ya friji, akakiwasha, akafunga madirisha ili hewa ya mlimani isitoroke, kisha wote wakalala.

Asubuhi shangazi alitoka chumbani akikohoa.

"Mbona sebule inanukia kama duka la fotokopi?"

"Hiyo ndiyo hewa safi, mama."

"Ng'onda wangu wako wapi?"

"Wapo, ila harufu imeondoka."

"Haijaondoka," akasema, akifungua dirisha la kwanza. "Imepata mgeni."

Pua yake ilikuwa sahihi kuliko maandishi ya boksi. Mashine za fotokopi, hasa za zamani, hutumia waya wenye umeme mkali, na umeme huo hugeuza sehemu ya oksijeni ya hewani kuwa ozoni. Mitambo ya ozoni hufanya jambo hilohilo kwa makusudi. Werner von Siemens alitengeneza wa kwanza wa aina hiyo mwaka 1857, kwa kupitisha hewa katikati ya mirija ya kioo yenye umeme. Nikola Tesla naye akapata hataza yake Marekani tarehe 22 Septemba 1896. Oksijeni tunayovuta ina atomi mbili. Ozoni ina tatu, na hiyo ya tatu haina utulivu. Hujibandua na kushambulia chochote kilicho karibu: bakteria, rangi ya pazia, mpira wa mlango wa friji, utando laini wa mapafu. Haijui kutofautisha.

Ndiyo maana inafaa sana mahali pasipo na mapafu. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza mwaka 1906 kusafisha maji ya kunywa kwa ozoni, na miji mingi imefuata. Kwenye maji, gesi hufanya kazi ndani ya matangi yaliyofungwa, ikaua vijidudu, kisha ikarudi kuwa oksijeni ya kawaida kabla maji hayajafika bombani. Sebule ya Ngamiani si tangi, na shangazi si kijidudu.

Tena siku ile alikuwa amedeki kwa dawa ya sakafu yenye harufu ya limau. Hapo kemia inachekesha kwa namna isiyopendeza. Vitu vinavyoipa dawa harufu ya limau au ya msonobari vikikutana na ozoni huvunjika na kutoa chembechembe ndogo mno pamoja na fomaldehaidi, na fomaldehaidi ikiyeyushwa majini ndiyo ile fomalini ya kuhifadhia maiti. Kiasi chake sebuleni ni kidogo, hakuna haja ya kuita imamu. Ila mtu aliyenunua kifaa cha kutakasa hewa ana haki ya kujua kwamba kifaa na dawa ya sakafu, kila kimoja kikijigamba kwa usafi, vinaweza kushirikiana kuzalisha uchafu ambao haukuwepo jana.

Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imelichunguza suala hili kwa muda mrefu na maelezo yake ni makavu: ozoni ikiwa katika kiwango kisichodhuru watu, haina uwezo mkubwa wa kuondoa uchafu wa hewa ndani ya nyumba; ikiongezwa hadi ifanye kazi hiyo, huwa imevuka kiwango salama. Vilevile inaweza kuifanya pua isihisi vizuri, na pua isiyohisi hushuhudia kwamba nyumba ni safi. Muuzaji gani asingempenda shahidi wa namna hiyo? Kampuni ya Sharper Image ya Marekani, iliyojijengea jina kwa mashine ya hewa iitwayo Ionic Breeze, ilikwenda mahakamani kuwashitaki wachapishaji wa jarida la wateja walioandika kwamba mashine hiyo haifanyi kazi vya kutosha. Kesi ikatupwa mwaka 2004. Mwaka uliofuata jarida lilelile likaripoti kwamba mashine hiyo pia hutoa ozoni. Mwaka 2008 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika.

Mtambo wa Ngamiani sasa umelala juu ya kabati, umefunikwa kwa doti kuukuu. Soketi yake imerudi kuchaji simu. Ng'onda wamehamishiwa uani, jambo ambalo paka wa jirani amelipokea kwa furaha, na kikapu cha ile ndoo, baada ya kusuguliwa kwa sabuni na maji ya moto, kinachujia mchicha.

Msomaji anayeonyeshwa kidude cha aina hii dukani amuulize muuzaji maswali mawili: kinatoa ozoni, na kwa kiwango gani? Jimbo la California haliruhusu mashine ya kusafishia hewa ya nyumbani itoe ozoni inayozidi 0.050 ya sehemu moja kwa kila sehemu milioni za hewa. Boksi lisilotaja namba yoyote lirudishwe kwenye rafu. Na kama kidude kimekwisha kununuliwa, kisiwashwe chumba kikiwa na mtu, ndege wa kufugwa au maua. Kizimwe, madirisha yafunguliwe, hewa ipite, kisha watu waingie. Hakuna mamlaka hata moja ya serikali kuu ya Marekani iliyoidhinisha mitambo ya ozoni kutumika katika vyumba vyenye watu.