Moto Yangu, Moto Wangu

Kwetu Alunguli, mjini Kindu huko Kongo, pikipiki inaitwa moto. Neno tuliachiwa na Wabelgiji, nasi hatukuona sababu ya kuwarudishia. Mtu wa Mombasa akimsikia jirani yangu asubuhi akiuliza, "Papa Prof, moto yako inawaka?" atakimbilia ndoo ya maji. Walimu wa sarufi watasema hakuna utata: moto wangu ni wa jikoni, moto yangu ni ya magurudumu mawili. Kweli, ila Kiswahili chetu cha Maniema hukumbuka ngeli kikipata nafasi, na nafasi haipatikani kila siku.

Moto yangu ni AG100, Yamaha ya zamani ya mipigo miwili, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wa shamba: keria mbele, keria nyuma, mnyororo umefunikwa usile matope. Niliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu aliyeipata mradi fulani ulipofunga ofisi. Ufunguo ulipotelea njiani kati ya hao wawili. Mimi nimerithi nyaya mbili za kugusanisha.

Usiku inalala sebuleni, kama mkwe. Ndiyo maana wa kwanza kugundua uvujaji alikuwa mama watoto, aliyesema wali unanuka esanse, yaani petroli. Nilikana. Kesho yake niliweka kopo la nyanya chini ya injini, lile dogo la mililita 70 hivi, likajaa kwa saa moja. Mimi ni mwalimu wa fizikia, hesabu huja yenyewe: saa kumi na mbili za usiku ni mililita 840. Kila usiku sakafu yangu ilikuwa inakunywa karibu lita nzima, nami mshahara wangu haukuwahi kuninywesha hivyo. Ungeniuliza kwa nini sikufunga robine ya tangi. Ile robine, ukiifunga ukiifungua, jibu lake ni moja.

Hapo ndipo mtaa mzima ulipogeuka fundi. Mmoja alishauri ubani wa kutafuna. Nilitafuna wa kutosha familia nzima nikabandika, na esanse ikauyeyusha ukawa uji. Mwingine akasema sabuni ya mawese. Huyu alikuwa na akili, kwa kuwa esanse haiyeyushi sabuni, na tangi lenye ufa mdogo ukilisugua sabuni linaweza kukufikisha nyumbani. Shida ni kwamba tangi langu halikuwa na ufa. Nikakata gasketi kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Kwa siku mbili mpira ulikunywa esanse ukavimba kama mchele chunguni, duara langu likawa na mikunjo kama sikio. Mwisho muuguzi mmoja akanigawia mpira wa dripu, nami nikauvisha badala ya mpira wa mafuta. Ulipendeza sana: unaona esanse ikipita kama serumu kwa mgonjwa. Kufikia wiki ya pili ulikuwa mgumu kama kijiti, ukapasuka, nikawa na mivujo miwili.

Nilikuwa natibu bila kupima, jambo ambalo darasani ningempa mwanafunzi sifuri.

Ikabidi nivuke. Anayekaa Alunguli anajua kitenzi hiki. Sisi ndio wilaya ya Kindu iliyobaki ng'ambo ya kulia ya mto Lualaba, peke yetu. Kasuku na Mikelenge ziko kule kwenye reli na kiwanja cha ndege, na vipuri navyo viko kule. Siku hiyo mtumbwi wa mota ulibeba moto yangu, baiskeli mbili za toleka (zile za kubeba abiria), kuku kadhaa, mama watoto na beseni lake la unga wa muhogo wa kuuza sokoni, na mgeni kutoka Kigoma aliyekuja kuangalia bei ya mchele.

Nahodha alinusa. "Papa, tangi si ungelimwaga kwanza?"

Swali zuri. Halikuwa limenijia.

Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, unatambaa na kujikusanya mahali pa chini, na sehemu ya chini kabisa ya mtumbwi ni pale tulipoweka miguu. Hayo nayajua, nayafundisha. Kwa hiyo katikati ya mto, kijana wa toleka alipotoa sigara na kiberiti, nilipiga kelele: "Dogo! Moto! Moto inavuja!"

Watu wa Kindu walielewa. Mgeni wa Kigoma alisikia neno moja tu, akasimama.

Ndani ya mtumbwi dhambi zote husameheka isipokuwa kusimama. Tuliinama kushoto, tukainama kulia, Lualaba ikaingia kutusalimia, kuku mmoja akaamua kwenda zake. Nahodha alimshika mgeni shati: "Papa, kaa! Si moto wa kuungua, ni moto ya kupanda!"

"Na ukipanda si ndiyo tumekwisha?" akajibu mgeni, mguu mmoja tayari uko mtoni.

Sigara na kiberiti vililowa maji. Tulifika tumelowa, na unga nusu yake ulikuwa umeshakuwa ugali mbichi.

Fundi alikuwa kijana niliyemfundisha. Fizikia nilimpa 4 juu ya 10, na nilivyomwona anavyotabasamu, hajasahau. Hakushika spana. Alifuta injini yote ikakauka, akaomba konzi ya unga mkavu kwa mama watoto, akaupaka kila mahali, tukakaa kutazama. Dakika tatu baadaye unga wote ulikuwa mweupe, isipokuwa mfereji mmoja mwembamba ulioanza kwenye kijibomba cha chini ya kabureta, kile cha kutolea mafuta yaliyozidi.

"Prof," akasema, "boya la kabureta likielea, linasukuma nini?"

"Sindano," nikajibu, "nayo inaziba tundu la kuingizia."

"Vizuri sana."

Alifungua kabureta, akaipindua boya lilale juu ya sindano, akapuliza kwenye njia ya mafuta. Pumzi ikapita. Palipotakiwa kuziba hapakuzibika. Akachomoa sindano, akaingiza waya mwembamba, akatoa uzi. Uzi mdogo sana, nusu bluu nusu njano.

"Prof, esanse unaichuja na nini?"

Sasa, kikwembe cha mama watoto cha tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, ambacho ndicho alichovaa siku hiyo, kina pembe moja iliyokatika tangu msimu wa mvua. Kesi ilishaamuliwa nyumbani: walihukumiwa panya. Mimi mwenyewe nilinunua sumu, ili kuutia nguvu ushahidi. Mama watoto alimpokea fundi ule uzi, akaulaza taratibu kwenye ile pembe. Bluu ikakuta bluu, njano ikakuta njano. Fundi akaanza ghafla kupanga spana zake.

Jioni tulivuka kurudi. Moto yangu ilikuwa kavu kabisa, bila hata tone. Moto wangu ulikaa mbele ya mtumbwi, umejifunga kikwembe, umenipa mgongo, na tangu kwa fundi ulikuwa haujasema neno.