Ulezi Ndani ya Birika

Mkuu wangu wa kazi alitoka chumba namba 6 akiwa amejifunga taulo, kichwa kimejaa povu, meno yanagongana, simu mkononi imewashwa tochi. Ilikuwa juzi saa moja usiku, Njombe, mwezi wa saba. Anayeijua Njombe ya mwezi wa saba hahitaji maelezo. Asiyeijua na aende akaoge maji ya bomba.

"Hawa watu wa umeme hawa!" alifoka. Wapangaji wengine wakaitikia gizani, kila mmoja akilaani kwa lafudhi ya kwao. Nami nililaani, tena kwa sauti kuliko wote, nikiwa nimeuziba mlango wangu kwa mgongo ili moshi usitoke. Jamani, siku hiyo watu wa umeme hawakuwa na kosa hata chembe.

Mama mwenye gesti akaja koridoni na taa ya chaji. Akasimama mbele yangu. Akanusa.

"Huu ni ulezi," akasema. "Nani anaunguza ulezi?"

Naomba nijieleze hapa, maana kule hakuna aliyenisikiliza. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii chipsi haziingii kinywani mwangu. Anayesafiri kikazi hula chipsi asubuhi, mchana na usiku, na siku akitaka kujipendelea anaagiza zege. Kwa hiyo nilibeba kopo la unga wa ulezi, na chumbani nikakuta birika la umeme. Nikaona Mungu ameshajibu.

Sasa sikiliza jambo hili, kwa sababu nimelisoma usiku kucha kwa majuto. Wengi tunadhani birika hujizima kwa kuwa maji yamechemka. Birika halina habari na maji. Lina habari na mvuke tu. Maji yakichemka, mvuke hujaa chini ya kifuniko, hupenya kwenye kijitundu kilicho nyuma, karibu na mkono wa birika, na kwenda kugusa kibati kidogo kilichojificha huko. Kibati hicho ni metali mbili tofauti zilizoshikanishwa mgongo kwa mgongo. Zikipata joto, moja hutanuka kuliko mwenzake, na kwa kuwa haziwezi kuachana, zinapinda pamoja, kama ndoa nyingi ninazozijua. Kikipinda, kinasukuma swichi: tak! Birika limezima. Ujanja huo wa metali mbili unahesabiwa kuwa wa John Harrison, fundi saa wa Uingereza, aliyeuweka ndani ya saa yake ya baharini aliyoimaliza mwaka 1759, ili joto na baridi visiharibu majira na mabaharia wakapotea. Mtu ameokoa merikebu! Na mimi nimeshindwa kuutumia kwa kikombe kimoja cha uji.

Kwa nini? Kwa sababu uji lazima ukorogwe, na huwezi kukoroga birika lililofunikwa. Nikaacha kifuniko wazi. Mvuke wote ukapaa darini, kibati kikabaki na baridi yake, kikiamini kwamba maji bado. Huku ndani wanga wa ulezi umeiva, umevimba, unanata. Povu la maji matupu hupasuka lenyewe. Povu la uji halipasuki, linambeba mwenzake mgongoni na kupanda. Nilikuwa nimeinama natafuta sukari niliyoapa kutoitumia. Nilipoinuka uji ulikuwa umeshamwagika, unateremka kwenye kitako cha birika, penye plagi. Cheche moja, na swichi kuu ikakata gesti nzima, hita ya bafu la mkuu ikiwemo.

"Kumbe ni wewe, bwana," mkuu akasema, na hakuongeza neno. Afadhali angeongeza.

Lakini sasa niseme na la moyoni. Tulikuwa Njombe kuendesha semina ya magonjwa yasiyoambukiza. Mada ya asubuhi ilikuwa kisukari. Slaidi ilieleza vizuri kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Saa nne tukaletewa chai ya maziwa yenye sukari tayari, maandazi mawili, sambusa, na soda, ambayo chupa yake moja ya mililita 350 hubeba kama vijiko 9 vya chai vya sukari. Tunda lilikuwepo: kipande cha tikiti chembamba kama kitambulisho cha taifa. Na hii ni Njombe, ambako maparachichi yanapakiwa kwenye maboksi kwenda Ulaya! Nilipouliza kwa nini halikuwekwa hata moja mezani, nikajibiwa kwamba halimo kwenye menyu ya semina. Njiani tulipita Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, tukapita Ilula kwenye nyanya, basi likasimama mahali pasipouzwa chochote ila chipsi, dakika kumi, na kuchimba dawa humo humo. Nani aliyepanga hivi, na tumemkosea nini?

Parachichi nilijinunulia mwenyewe sokoni. Liliivia ndani ya mkoba wa kompyuta.

Nikajaribu na mayai ya kuchemsha kwenye basi la kurudi: nilimenya moja, yakafunguliwa madirisha manne.

Birika nimelipa shilingi 45,000, na risiti ninayo. Kwenye fomu ya marejesho ya masurufu hakuna kipengele chake, kwa hiyo nimeliandika chini ya "dharura", na dharura lazima isainiwe na mkuu wa safari. Huyo ni yule yule wa chumba namba 6.