Jinsi ya Kugawa Maji ya Ruaha Bila Kulowa Miguu

Umepewa kazi ya kuunda modeli ya kiuchumi ya kugawa maji ya mto Ruaha Mkuu? Hongera. Fuata hatua hizi.

Kwanza, kaa mbali na mto. Ukifika bonde la Usangu utayakuta majaruba, matope na wenyewe, nao watakuvurugia hesabu. Kwenye skrini mto ni mstari, banio ni nukta, na nukta haijibu.

Pili, kila lita ipe bei. Mpunga wa Mbarali una bei sokoni. Umeme wa bwawa la Mtera, megawati 80, na wa Kidatu, megawati 204, una bei kwenye luku. Kiboko wa Hifadhi ya Ruaha hana risiti, basi mwandikie sifuri. Tangu 1993 amekuwa akigombea vidimbwi kila kiangazi mto unapokatika, lakini asiyekuwapo na lake halipo.

Tatu, kiamini kibali cha maji. Kikisema mfereji huu una haki ya lita kadhaa kwa sekunde, chukulia kwamba mto nao umekisoma na unalipa kila mwezi kama mshahara. Masika na kiangazi ni mambo ya wakulima.

Nne, usiku ufute kabisa. Saa nane za usiku kuna mtu mwenye jembe na magunia ya mchanga anayeziba mkondo ili maji yaelekee kwake. Huyo ndiye mgawaji halisi, ila hana safu kwenye jedwali lako.

Tano, hesabu ikigoma, tafuta mfugaji. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao. Mto uliendelea kukauka, lakini ripoti ilishapata mkosaji.

Onyo moja: usiwakaribie wakulima wa Usangu waliowahi kucheza mchezo wa bonde la mto. Ubao umeinamishwa, gololi ndiyo maji, vijiti ndiyo mabanio. Wa juu huzoa, wa chini hukodoa macho. Baada ya hapo huanza kubishana, uso kwa uso, nani apunguze kijiti chake na lini.

Hawakuhitaji kompyuta. Ukitaka modeli yako iwafae, kawaulize kwanza wa chini wamebakiwa na gololi ngapi.