Mimi Sina Mengi ya Kusema

Huko Bangboka, kilomita zipatazo 17 mashariki mwa katikati ya Kisangani, watu hawana shida ya kusikika, hata ndege ya uwanja jirani inaponguruma. Mwendesha toleka, teksi ya baiskeli, hugombania nauli mbele ya halaiki, aanze kwa Kiswahili amalizie kwa Kilingala, mikono yote miwili ikiwa hewani na baiskeli imesimama kwa miujiza. Mama muuza sombe, majani ya muhogo, huwahutubia wapita njia tangu alfajiri, bila karatasi wala maji ya kunywa. Sasa mpe mmoja wao kipaza sauti siku ya mahari ya mpwa wake. Magoti yanagongana, ulimi unakauka, na kinywani inatoka sentensi ambayo haijawahi kuwa kweli tangu harusi zilipoanza: “Mimi sina mengi ya kusema.” Nusu saa baadaye lituma ya ndizi imepoa, nzi wameshahudumiwa kabla ya wageni, naye bado yuko kwenye salamu, amefika kwa waheshimiwa wa safu ya pili.

Tumezoea kusema kwamba woga wa hadhara humfunga mtu mdomo. Mimi nasema humfungulia, kisha humnyang'anya breki. Mjomba yuleyule, sauti ileile, na majirani walewale anaowakemea kila asubuhi; kilichobadilika ni kitu anachokiwazia. Mama sokoni anawaza sombe yake isinyauke. Mjomba jukwaani anajiwaza yeye: koti, jasho, Kifaransa chake, na macho mia mbili anayoamini yanamkagua kama afisa wa forodha anavyokagua mzigo. Macho hayo kwa kweli yanatazama sufuria. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo kijana yeyote wa pale angeionea haya, wakawaingiza chumbani kwa wenzao. Kwa wastani, wavaaji walikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wameitambua picha. Walioitambua walikuwa kama robo tu. Miaka mitatu baadaye Gilovich na Kenneth Savitsky wakaonyesha kwamba wasemaji walioelezwa mapema kuwa hofu yao haionekani nje kama wanavyodhani, walihutubia vizuri zaidi. Hawakupewa dawa. Waliambiwa tu kwamba hofu yao haionekani kiasi hicho.

Mtu wa Kisangani atanipinga hapo hapo: hao ni Wamarekani, hapa watu wanacheka, na kosa moja la Kifaransa linaweza kukupa jina la utani litakalosomwa hata kwenye matanga yako. Nakubali, wanacheka. Lakini tazama wanamcheka nani. Mama wa sombe akikosea hesabu hachekwi, anasahihishwa, tena kwa haraka kwa kuwa kuna pesa ndani yake. Anayechekwa ni yule aliyepanda ngazi ya maneno ya kuazima akateleza juu kabisa. Aliyebaki chini, katika lugha anayopatania bei, hana pa kuangukia.

Wa pili atasema urefu wa maneno ni urithi, kwani hata ngoma za Walokele, walio mtoni chini ya mji huu, husema kwa kuzunguka. Ni kweli, na John Carrington, mmisionari wa Yakusu aliyeisoma lugha ya ngoma hizo, alieleza sababu katika kitabu chake cha 1949. Ngoma ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Neno la Kilokele la mwezi na lile la kuku, yakipigwa peke yake, hulingana. Kwa hiyo mpigaji huongeza maelezo: mwezi ni ule unaoitazama ardhi chini, kuku ni yule mdogo aliaye kiokio. Kila neno la ziada lina kazi ya kumzuia msikilizaji asichanganye kuku na mwezi. Mjomba wetu anaposalimu kwa mara ya tatu, ni nani aliyekuwa hatarini kuchanganya nini?

Wa tatu ataleta jina zito: Lumumba alizaliwa na ulimi wake, sisi wengine tukae. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta mjini hapa, enzi za Stanleyville, na mtu mashuhuri katika vyama vya Wakongo waliosoma. Baadaye, Léopoldville, kazi yake ilikuwa kuinadi bia ya Polar. Yaani kabla ya kumkabili Mfalme Baudouin wa Ubelgiji tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, kwa hotuba ambayo haikuwa kwenye ratiba, alikwisha kuwakabili wanywaji, hadhira isiyo na subira hata kidogo. Ulimi ule ulinolewa kazini. Na siku ile alikuwa na jambo ambalo angenyamaza lisingesemwa. Hapo ndipo mtu hupata nafasi ya kujisahau.

Basi kabla ya kushika kipaza sauti, swali linalofaa ni moja: nikikaa, hawa watakosa nini? Kama jibu ni salamu, tukae, tule. Kama lipo jambo, lisemwe kama bei ya sombe. Anayedhani hawezi na angoje jenereta izime katikati ya hotuba, maana siku moja itazima. Kipaza sauti kitakufa mkononi, giza litaingia, na mjomba aliyekuwa akitetemeka atapaza sauti yake ya asubuhi: “Nani alisahau mafuta?” Watamsikia mpaka jikoni, na hakuna atakayemwomba arudie.