Mjini ni Ng'ambo

Sisi wa Madogo na Mororo ni watu wa Pwani. Ndivyo serikali ilivyotuandika. Bahari yenyewe wengi wetu tunaijua kwa picha za kalenda, na ukitaka kuiona kwa macho uteremke na Mto Tana, upite Bura, Hola na Garsen, mpaka Kipini unakoingia baharini. Mji tulio nao karibu ni Garissa, hapo ng'ambo ya daraja, kwenye kaunti ya watu wengine. Benki iko huko, hospitali kubwa iko huko, soko la mifugo liko huko. Mtu wa kwetu akisema anaenda mjini, hakuna anayemuuliza mji gani.

Kabla ya kaunti kuanza mwaka 2013 mambo yalikuwa matamu zaidi. Makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki yalikuwa hapo Garissa, nauli ya bodaboda tu. Ila mkoa wetu sisi ulikuwa Pwani, na wakubwa wake walikaa Mombasa. Ukihitaji muhuri wa mkoa, unaipa mgongo ofisi unayoiona, unapanda basi kufuata usiyoiona. Siku hizi tumehurumiwa: tunafuata Hola, makao makuu ya kaunti yetu.

Darajani kuna kizuizi, na kwa sababu hiyo kitambulisho kwetu ni vazi. Jioni moja nilivuka kununua sukari, nikiwa na kikoi na fulana, maana sukari ya ng'ambo ilikuwa imepungua bei kidogo. Wakati wa kurudi nikasimamishwa na kijana mgeni, bado hajazizoea sura zetu.

"Mzee, unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Paa langu la mabati lilikuwa linaonekana, na moshi wa jikoni juu yake.

"Kitambulisho?"

"Kiko chini ya lile paa."

"Basi kakilete."

Nikashukuru, nikapiga hatua. Akanizuia. "Huwezi kupita bila kitambulisho."

Tulitazamana. Nadhani hata yeye aliuona ugumu wa jambo lenyewe, lakini amri ni amri. Ikabidi nimpigie mama watoto simu. Alikuja na kitambulisho bila haraka yoyote, akanitazama kuanzia kikoi mpaka ndara, akamkabidhi kijana kadi, kisha akanipokonya mfuko. "Sukari itangulie, chai inachemka. Wewe malizana na serikali."

Lakini kizuizi cha kweli ni mto wenyewe. Mvua inanyesha Nyandarua na Mlima Kenya, mabwawa yanajaa, Masinga linafurika, yale ya chini yake nayo yanapokezana, na sisi huku tulio na jua la kupasua kichwa ndio tunaolowa. Novemba 2023, mwaka wa El Nino, Mororo iliingiwa na maji, na barabara ya Garissa ikakatika. Tulihamia kwa shemeji, Madogo, na katikati ya vurugu hiyo shemeji akapata mtoto wa kike. Mbuzi wa akika akanunuliwe wapi? Ng'ambo, kwa boti.

Wakati wa kurudi nahodha akamnyooshea mbuzi kidole.

"Mzee, huyu naye nauli."

"Mbuzi?"

"Anakaa nafasi ya mtu."

"Basi nitampakata."

"Ukimpakata atakuwa mtoto. Mtoto wa umri huo analipa nusu."

Nikalipa nusu. Mbuzi alikaa mapajani mwangu ametulia tuli, anatazama maji. Mimi nilikuwa nimeshika ubao wa boti kwa mikono yote miwili, nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Ayeyo mmoja, bibi wa Kisomali aliyeketi mbele yetu, akageuka, akatutazama wote wawili, akasema, "Huyu mwenye pembe ana adabu ya safari." Tulicheka. Aprili 2024 boti ilipinduka hapa kwetu na watu wakafa, na tangu hapo ikionekana imejaa hakuna anayeifanyia mzaha.

Maji yakituacha huwa yanaelekea kwa shangazi yangu, Garsen. Huchukua siku kadhaa kufika, kwa hiyo kazi yangu ni kumpigia simu kumwambia yameshatoka. Safari ile ya Novemba yaliondoka na kiti changu cha plastiki, chekundu, mguu mmoja nimeufunga waya. Nikampa shangazi habari zote mbili, ya mafuriko na ya kiti, naye akaniambia ameshahamisha magodoro, kiti atakiangalia.

Juma lililofuata akapiga. "Baba Halima, kiti sijakiona. Imepita ndara moja ya bluu, ya mguu wa kushoto. Ni yako?"

"Hapana, shangazi. Iliyopotea yangu ni ya kulia."

"Haya. Nitaendelea kuangalia."