Mtumishi Aliyeniajiri

Mashine ya kahawa ya nyumbani ina kazi moja tu: kuchemsha maji na kuyadondosha juu ya unga wa kahawa. Kununua kahawa, kuisaga, kuipima, kutafuta karatasi za kuchujia, kumwaga makapi, kuosha jagi na kuwajibu wageni wanaouliza kwani sufuria zimeisha, hizo zote ni kazi zako. Kwenye boksi hawaandiki hivyo. Kwenye boksi kuna picha ya mwanamke aliyevaa gauni la kulalia, ameshika kikombe, anacheka. Naamini anacheka kwa sababu anajua si yeye atakayeiosha.

Ya kwanza kuingia nyumbani kwetu Dar es Salaam hatukuinunua, tuliletewa. Shemeji yangu anayeishi Marekani alikuja nayo likizo, ameiviringisha kwenye taulo ndani ya begi, akaikabidhi mbele ya ukoo mzima. Sasa, Marekani umeme wa majumbani ni volti 120, na kwetu ni 230. Plagi ya mashine ilikuwa na miguu miwili bapa, soketi yetu ina matundu matatu, kwa hiyo mashine yenyewe ilikuwa inakataa waziwazi. Shemeji hakuisikiliza. Akamtuma kijana dukani, adapta ikaja, akachomeka, akaniambia, “Shemeji, kaa mkao wa kunywa.”

Adapta hubadilisha miguu, haibadilishi volti. Tena volti zikikaribia kuwa maradufu, joto la koili haliishii kuwa maradufu, linakaribia mara nne. Mashine iliyoundwa kwa wati 900 ikajikuta inavuta zaidi ya 3,000. Kwa kuitendea haki, niseme sijapata kuona maji yakichemka upesi namna ile. Ikanguruma, ikatoa mvuke, ikatoa moshi, ikaondoka na taa, feni na televisheni, mechi ikiwa dakika za nyongeza. Majirani waliokuja kutazama mpira wakabaki wanamtazama shemeji.

Ya pili niliifuata mwenyewe Kariakoo. Safari hii niligeuza kila mashine juu chini kusoma volti kabla ya kitu kingine, kama mnunuzi wa mbuzi anavyoanza na meno. Muuzaji alikuwa na jibu moja kwa maswali yote. Nikamuuliza maji yake yanafika nyuzijoto ngapi, maana wajuzi wa kahawa wanataka kama 92 hadi 96. “Hii orijino, bosi.” Na karatasi zake za kuchujia zinapatikana? “Bosi, nakwambia orijino.” Na jagi la kioo likivunjika, nitapata jingine? Hapo akanitazama kwa huruma. “Mzee wangu, mbona unaanza safari kwa kuulizia ajali?”

Tukapatana bei. Akanizawadia karatasi za kuchujia, chache, kama mtu anayekupa njiti moja ya kiberiti uone taa inawaka.

Karatasi ziliisha asubuhi ya Jumapili, maduka yamefungwa. Katika hali hiyo mtu mwenye kusoma humkumbuka Melitta Bentz. Huyu alikuwa mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, aliyechoshwa na kutafuna makapi. Mwaka 1908 alitoboa chombo matundu, akatandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino iliyotoka kwenye daftari la mwanawe wa shule, akamimina. Kahawa ikashuka safi. Kampuni ikazaliwa, na jina lake bado limo kwenye maboksi ya karatasi hizo hadi leo. Nami nina mwana, na mwanangu ana daftari. Nikachana ukurasa mmoja wa Hisabati uliojaa, nikaukunja vizuri, nikawasha.

Karatasi ya kukaushia wino hunywa maji. Karatasi ya daftari la siku hizi hujivuta. Maji yakapanda kwenye kikapu cha chujio, yakafika ukingoni, yakashuka na makapi yake juu ya meza, yakaingia kabatini na kukutana na unga wa sembe. Melitta alipata kampuni, mimi nikapata dekio. Jumatatu mwalimu akauliza kazi ya nyumbani iko wapi. Mtoto akasema kweli tupu, “Baba ameichujia kahawa,” akaadhibiwa kwa kusema uongo. Mke wangu hakusema neno. Alitoa cherehani, akashona kimfuko cha kitambaa cha pamba kinachofulika, na tangu hapo kuna nguo moja zaidi kwenye kamba yetu ambayo majirani wameshindwa kujua ni ya nani.

Kisha wakaja wageni wa posa. Ujumbe wa watu wanane kumposa mpwa wangu, nami ndiye mjomba, mwenye nyumba. Mke wangu akashauri chai. Nikamwonyesha jagi: pembeni limechorwa mistari, na mstari wa juu kabisa umeandikwa 12. Wageni wanane, vikombe kumi na viwili, vinne vya kuongezea. Hesabu ya darasa la pili.

Kumbe kikombe cha watengenezaji ni kama mililita 125, finjani iliyopandishwa cheo. Kumi na viwili vyake ni lita moja na nusu. Vikombe vyetu vya wageni, vile vyenye maua, vinabeba mililita 300 kila kimoja. Lita moja na nusu ikaishia kwa mgeni wa tano. Watatu waliobaki, mmojawapo mshenga mwenyewe, wakashika vikombe vitupu na kuanza kusoma kalenda ukutani. Nikasikia sauti ya chini, “Kama kahawa ni hivi, pilau la harusi litakuwaje?”

Nikarudi mbio jikoni. Nikaweka kahawa ya kutosha jagi zima, nikajaza maji, nikawasha. Nusu ya maji ilipokuwa imeshuka, umeme ukakatika. Mashine hizi zikinyimwa umeme hunyamaza hapo hapo, wala hazina mpini wa kuzungusha. Jagini kulikuwa na nusu ya maji yaliyobeba karibu nguvu yote ya kahawa, meusi, mazito, ya kutisha. Nikamimina. Mshenga akanywa chake, akanywa na cha jirani yake aliyekionja akakirudisha.

Mtu huyu alikuwa ameingia akisinzia. Wazee wa upande wetu walitegemea sana usingizi ule. Robo saa baadaye alikuwa amesimama, mikono hewani, anachambua orodha ya mahari kipengele kwa kipengele, anataja methali ambazo baadhi yetu hatujazisikia kabla wala baada. Ng'ombe wawili walipotea kati ya kikombe cha kwanza na cha pili. Blanketi la bibi lilinusurika kwa sababu bibi mwenyewe alikuwepo. Ukoo umeamua kwamba hasara ile niliileta mimi. Nami nimewajibu, na ninarudia hapa kwa maandishi, kwamba waulizwe waliokata umeme.

Baada ya hapo akaja mama yangu kutoka Moshi. Mama amechuma kahawa tangu msichana, kwenye shamba la kihamba lenye migomba, akaimenya, akaiosha, akaianika, ikapelekwa ushirika, na maisha yake yote amekunywa chai. Alivuta kiti, akaitazama mashine inavyokoroma mpaka tone la mwisho. “Kwa hiyo ndiyo hii iliyokuwa inakula kahawa yetu?” Nikampa kikombe. Akaonja, akakiweka chini taratibu. “Mpeni pole aliyeinunua.”

Kesho yake tulipokwenda kazini akaamua kuitafutia kazi yenye maana. Akaweka majani ya chai na tangawizi kwenye kikapu, akajaza tangi maziwa, akabonyeza.

Ndani ya mashine hizi kwa kawaida hamna pampu. Maji hushuka kutoka kwenye tangi hadi kwenye bomba dogo lililopitishwa pamoja na koili, chini ya ile sahani inayokaliwa na jagi. Yakichemka, mapovu ya mvuke huyasukuma juu, na vali ndogo huyazuia yasirudi tangini. Kwa maji ni utaratibu mzuri sana. Kwa maziwa ni kuyachomea ndani ya bomba usiloweza kupitisha hata kijiti. Tuliporudi jioni nyumba ilinuka kama kitu ambacho sitakilinganisha na chochote, kwa heshima ya wanaosoma wakila. Mama alikuwa barazani, amechemsha chai yake kwenye sufuria. “Hiyo kitu yenu,” akasema, “hata chai haijui.”

Fundi alishauri siki: nusu siki nusu maji, iwashwe, izimwe katikati ilowane, iwashwe tena, kisha isuuzwe kwa maji matupu, tena na tena. Ilitoa maziwa, na ikatoa pia magamba meupe ya chumvi, maana maji ya kisima chetu yana chumvi, na bomba lilikuwa limeanza kuziba bila msaada wa mama. Jirani yangu alipita kabla suuzo halijakamilika, akajimiminia mwenyewe bila kukaribishwa. Alinyamaza kidogo. “Kahawa nzuri,” akasema. “Samaki wake wako wapi?”

Jirani huyo huyo juzi alikuja kuniomba ushauri, eti naye anataka mashine. Nikampa elimu yote. Soma volti kwanza. Usiache kahawa juu ya ile sahani ya moto, inaendelea kuiva mpaka inakuwa dawa. Imimine mara moja kwenye chupa ya chai. Pima gramu 55 hadi 60 kwa lita. Saga ya wastani, isiwe vumbi. Siki kila bomba linapoanza kulalamika. Akasikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa.

“Na wewe kazi hizi unazianza saa ngapi?”

“Saa kumi na moja alfajiri.”

“Safi sana,” akasema, akaaga.

Hakununua mashine. Siku hizi saa kumi na mbili anakuwa mlangoni kwangu na kikombe chake mkononi, cha bati, kinachoingia nusu lita. Kwa hesabu ya jagi, hivyo ni vikombe vinne. Yeye anasema daktari amemruhusu kimoja tu, na anaheshimu daktari.