Namna ya kumnunua mpinzani wako na bado upigiwe makofi Rumonge

Ndugu mwanzilishi, umeinunua kampuni iliyokuwa ikikukosesha usingizi, na sasa unataka tukuite mshindi. Usiharakishe. Panda gari Bujumbura, fuata barabara ya ziwa kusini kilomita sabini na kitu, ushuke Rumonge. Fika alfajiri, wavuvi wanaporudi. Mtahini wako ni mama anayeanika ndagala.

Usimtajie bei uliyolipa. Bei hiyo inathibitisha kwamba wenye fedha walikuamini, basi. Muulize kama simu yake inashika vizuri kuliko mwaka jana, na kama makato ya kumtumia mvuvi pesa yamepungua. Akikujibu kwamba zamani alikuwa na mitandao miwili ya kuchagua na sasa ana mmoja, rudi garini.

Kabla hujaondoka, jifunze kwa Econet ya Mzimbabwe Strive Masiyiwa. Mwaka 2014 iliinunua Leo, mtandao mkubwa hapa Burundi, ikawa Econet Leo. Wateja wengi kwa sahihi moja! Mwaka uliofuata ikaingia Lumitel ya Viettel kutoka Vietnam. Hiyo haikumnunua mtu. Ilikuja kusimamisha minara yake, na haikuchukua muda ikawa mbele kwa idadi ya wateja. Wateja walionunuliwa bado wana miguu, na laini mpya haigharimu ng'ombe.

Masiyiwa mwenyewe nampa heshima zote, ila heshima hiyo naianzia Harare. Kule alipambana na serikali mahakamani kwa miaka kama mitano ili tu aruhusiwe kujenga mtandao, na leseni akaipata mwaka 1998. Mtu aliyeshinda vita ya namna hiyo hahitaji kununua cheti cha ushindi. Ukitaka kumuiga, iga hapo.

Utaniambia kuhusu WhatsApp. Kweli, Facebook iliinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 19 hivi, na leo mchuuzi wa Rumonge anaweza kumtumia mteja wa Bujumbura picha ya mukeke kabla samaki hajafika sokoni. Lakini kazi hiyo waliianza Jan Koum na Brian Acton mwaka 2009. Mnunuzi namsifu kwa kuitunza, na kutunza ni kazi pia. Kuvumbua nawaachia wenyewe.

Yapo manunuzi ninayoyapigia makofi kwa mikono miwili: mtandao mdogo umekwama, mkubwa unauchukua, na kijiji cha wavuvi kilichokuwa gizani kinapata mnara. Kwa hiyo subiri mwaka mmoja. Kisha hesabu wateja wa mpinzani uliyemnunua ambao wangeweza kuhama na wakabaki. Idadi hiyo ndiyo uiandike kwenye wasifu wako. Na akitokea kijana mwingine na wazo lake, mwache kwanza asimamishe mnara.